Simu yako inapelelezwa? Betri kuisha haraka si ushahidi, tazama huku

KalamuYaFundi (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kuna ujumbe unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, unapotea, kisha unarudi: "Piga *#21#, ukiona namba usiyoijua ujue unasikilizwa." Anayeuleta ana nia njema kabisa. Nusu ya grupu inapiga, na jioni mtu amenuniwa nyumbani bila kujua kosa lake. Nafanya kazi ya simu na watu wa namna hiyo wanafika mezani kwangu wakiwa wameshamhukumu mume, mke, bosi au serikali. Ushahidi? Betri inaisha mapema.

Nianze na hiyo *#21#. Inauliza mtandao swali moja tu: simu zinazoingia kwangu zimeelekezwa kwenye namba nyingine? Basi. Programu ya upelelezi iliyojificha ndani ya simu yako haiioni wala haiijui. Dada yake *#62# inauliza simu zinakwenda wapi ukiwa umezima au huna mtandao, na hapo mara nyingi inatokea namba ya ujumbe wa sauti ya kampuni yako ya simu. Hiyo ndiyo inayotisha watu bure. Hata hivyo misimbo hii ina kazi: kuna matapeli wanaompigia mtu na kumshawishi abonyeze nyota na tarakimu fulani ikifuatiwa na namba yao, kumbe anaelekeza simu zake kwao. Wakishafanya hivyo wanaomba nambari ya uthibitisho ya WhatsApp ije kwa kupigiwa badala ya SMS, na akaunti imekwenda. Ukikuta namba ya mtu binafsi pale, piga ##002# ufute uelekezaji wote.

Sasa zile dalili tatu za kila siku: simu kupata moto, betri kuisha, bando kuyeyuka. Sisemi hazina maana kabisa. Nasema zina maelezo mengi mengine kabla ya kufika kwenye upelelezi. Betri iliyochoka, chaja ya bei chee, jua la saa saba, video zinazojicheza zenyewe, WhatsApp inayofanya bakapu usiku, Play Store inayosasisha programu bila kukuuliza. Tena anayeuza programu ya upelelezi anauza usiri. Akitengeneza kitu kinachochemsha simu hadi mwenyewe ashtuke, hana biashara. Maandishi ya meseji, orodha ya waliokupigia na mahali ulipo ni data ndogo mno. Ukijiunga na Wi-Fi ya ofisini inaondoka kimya na bando lako liko palepale.

Kuna mfano mzuri wa bando. Agosti 2020 kampuni ya usalama ya Upstream ilieleza kwamba simu mpya za Tecno W2, zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika zikiwemo Ethiopia, Ghana na Kameruni, zilikutwa na virusi viitwavyo Triada na xHelper tangu zikiwa kwenye boksi. Watengenezaji walisema tatizo liliingizwa na mtoa huduma mmoja kwenye mnyororo wa ugavi. Virusi hivyo vilikuwa vinamuunganisha mtumiaji na huduma za kulipia bila yeye kujua, na salio na data vinaliwa. Mwenye simu aliibiwa kweli, ila hakukuwa na mtu upande wa pili anayesoma mapenzi yake. Bando kuisha kunaweza kuwa wizi wa namna hiyo, na dawa yake si kumfokea mwenzio.

Upelelezi wa mtu wa kawaida kwa mtu wa kawaida una milango miwili. Ama mtu aliishika simu yako ikiwa wazi kwa dakika chache, ama ana nywila ya akaunti yako. Kwa hiyo tazama kwenye milango hiyo.

Mlango unaotumika kuliko yote hapa kwetu hauhitaji hata programu ya kipelelezi. Ni WhatsApp. Fungua, nenda kwenye Vifaa vilivyounganishwa. Mtu anachukua simu yako umelala, anapiga picha msimbo wa QR kutoka kwenye kompyuta au simu yake nyingine, anairudisha chini ya mto. Tangu hapo anasoma unachoandika, na simu yako haina haja hata ya kuwa hewani. WhatsApp inaruhusu vifaa vinne vya ziada. Ukiona Chrome ya kompyuta na wewe hujawahi kugusa kompyuta mwaka huu, hiyo ndiyo dalili yenyewe, haihitaji tafsiri. Telegram nayo ina orodha ya vifaa kwenye mipangilio.

Mlango wa pili ni akaunti ya Google. Wengi simu zao zilifunguliwa na mtu mwingine: mwenye duka, shemeji, mchumba wa zamani. Yeye ndiye aliyeunda Gmail, nywila anayo yeye. Mwenye nywila hiyo anaona picha zilizokwenda kwenye hifadhi ya Google, namba ulizohifadhi, na anaweza kuitafuta simu kwenye ramani kwa huduma ileile ya kutafuta simu iliyopotea. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya usalama, kuna orodha ya vifaa vyote vilivyoingia. Kisha fungua Google Maps uone kama kuna mtu umeshiriki naye mahali ulipo. Watu wanashiriki siku ya safari, wanasahau mwaka mzima.

Programu zenyewe za kupeleleza zinakuja mwisho. Kwenye Android nyingi hazipatikani Play Store, kwa hiyo anayeziweka lazima afanye mambo mawili yanayoacha alama. La kwanza, aruhusu kusakinisha programu kutoka nje. Tazama kwenye mipangilio ni programu gani imepewa ruhusa ya kusakinisha nyingine. Ukikuta kivinjari au kidhibiti cha faili kimeruhusiwa na wewe hukumbuki, jiulize. La pili, azime Play Protect, ulinzi wa Google unaokagua programu hatari, kwa sababu ingepiga kelele. Maelekezo ya wauzaji wa vitu hivi huwa yanamwambia mteja wazi aizime. Fungua Play Store, gusa picha ya akaunti yako, ingia Play Protect. Ikiwa imezimwa na si wewe uliyezima, mimi hapo nakaa vizuri kwenye kiti.

Halafu tazama ruhusa nzito: Ufikivu (ile sehemu ya kuwasaidia wenye matatizo ya kuona au kusikia), kusoma arifa, na programu za usimamizi wa kifaa. Programu yenye Ufikivu inaweza kusoma kilichoandikwa kwenye kioo chako, na ndiyo maana usimbaji wa WhatsApp (ule unaoficha meseji ikiwa njiani) haukusaidii: meseji inasomwa ikiwa tayari imefunguliwa mbele yako. Usitegemee kukuta jina "Mpelelezi". Utakuta kitu chenye alama ya gia, kinajiita huduma ya mfumo, au Wi-Fi, au usawazishaji. Kama kipo kwenye ruhusa hizi tatu na hakipo kwenye orodha ya kawaida unayoiona ukifungua simu, umekaribia.

Kwa wenye Android 12 kwenda juu, kidoti cha kijani pembeni juu kinawaka kamera au maikrofoni ikitumika. iPhone tangu iOS 14 ni kijani kwa kamera, chungwa kwa maikrofoni. Ni kitu kizuri, ila anayesoma meseji zako hana haja na maikrofoni.

Dalili moja ambayo hakuna mahali pa kubonyeza uione, na naiamini kuliko hizo zote: mtu anajua jambo ambalo lilikuwa kwenye simu tu. Anakutaja ulipokuwa jana. Anarudia maneno uliyomwandikia dada yako. Ikitokea mara moja, huenda dada ndiye aliyesema. Ikiwa inajirudia, acha kuangalia betri.

Karibuni kwa maswali.

Mama_Junior255

Asante kwa uzi mkuu. Hiyo dalili ya mwisho ndiyo yangu. Mume wangu ananiambia hadi nilichoongea na mama kwenye WhatsApp. Nimeangalia hivyo vifaa nimekuta kimoja. Nikitoe sasa hivi?

KalamuYaFundi

Dada, pole. Kabla hujakitoa, nijibu kimoyomoyo: huyu mtu akigundua umekitoa, atafanya nini? Ukikiondoa, kwake kitazimika na atajua palepale. Kama ni mtu wa kununa siku mbili, kitoe, weka namba ya siri ya hatua mbili kwenye WhatsApp, badilisha namba ya kufungulia simu. Kama amewahi kukuinulia mkono, usikitoe leo. Kipige picha kwa simu ya mtu mwingine, si skrinishoti, maana skrinishoti inabaki kwenye simu hiyohiyo na huenda inakwenda kwenye hifadhi anayoiona. Mipango yako izungumze kwa simu ya jirani au ya kazini. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Nenda ukiwa umeacha simu nyumbani, au nenda nayo ukiwa na sababu nyingine ya kupita njia ile.

Na usiandike tena hapa kwa simu hiyo.

Jogoo la Mjini

Mi nina iPhone, haya mambo ni ya Android. Tukae siti za nyuma tunywe soda.

KalamuYaFundi

Kunywa taratibu mkuu. Kwa mpelelezi wa mtaani iPhone ni ngumu kweli, kwa sababu hawezi kusakinisha chochote kirahisi. Lakini akiwa na nywila ya akaunti yako ya Apple (zamani Apple ID) na ile nambari ya uthibitisho, bakapu yako ya iCloud anaisomea kwao. Ingia mipangilio, gusa jina lako, shuka chini uone vifaa vilivyoingia. Na sehemu ya VPN na usimamizi wa kifaa, kama kuna wasifu usioufahamu, uliza uliwekwa na nani. Tangu iOS 16 kuna kitu kinaitwa Safety Check kinachokuonyesha nani unashiriki naye nini na kuwakata wote kwa mara moja.

Kwa mpelelezi mkubwa, iPhone ndiyo hasa iliyowindwa. Agosti 2016 mtetezi wa haki za binadamu wa Falme za Kiarabu, Ahmed Mansoor, alitumiwa SMS zenye linki. Hakubofya, akazipeleka kwa watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto, na hapo dunia ikaifahamu Pegasus, programu ya upelelezi ya kampuni ya NSO ya Israeli. Apple ilitoa iOS 9.3.5 kuziba matundu. Baadaye hata linki haikuhitajika. Mwaka 2019 ilitosha upigiwe simu ya WhatsApp, hata usipopokea. WhatsApp ilisema waliolengwa walikuwa takriban 1,400, ikaishtaki NSO, na Desemba 2024 mahakama ya Marekani ikaamua NSO inawajibika. Wanyarwanda wakosoaji wa serikali yao walikuwemo kwenye orodha ile. Mwaka 2021 shirika la haki za binadamu la Amnesty likasema simu ya Carine Kanimba, binti wa Paul Rusesabagina, mkosoaji wa serikali ya Rwanda, ilikutwa na Pegasus. Rwanda ikakanusha kutumia mfumo huo. Mwaka huohuo Uganda, mwanasiasa Norbert Mao alitangaza kwamba Apple imempa tahadhari kuwa simu yake huenda inalengwa, na ikaripotiwa kwamba wafanyakazi wasiopungua tisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, waliokuwa Uganda au wanaoshughulikia mambo yake, simu zao zilivamiwa.

Kwa hiyo ukiuliza dalili za Pegasus kwa macho, jibu ni kwamba hakuna. Haichemshi simu wala haileti kidoti. Wanaoigundua ni wataalamu wanaochambua bakapu. Lakini ni kitu cha gharama kubwa, hakiwekwi kwa mtu kwa sababu ya ugomvi wa kiwanja.

Jogoo la Mjini

Na hiyo tahadhari ya Apple nikiipata kwenye meseji nitajuaje si tapeli?

KalamuYaFundi

Ya kweli haikuombi ubofye linki, usakinishe kitu, wala utoe nywila. Ingia mwenyewe kwenye ukurasa wa akaunti yako ya Apple kwa kuandika anwani kwa mkono. Kama ni kweli, utaikuta juu pale. Ukiwa mwandishi, wakili au mwanaharakati na umeipata, washa Lockdown Mode (hali ya ulinzi mkali ya iPhone) na uwatafute Access Now, shirika la haki za kidijitali, wana dawati la msaada la bure kwa watu wa kada hizo. Na uwe unazima simu na kuiwasha mara kwa mara. Inaonekana ushauri wa kitoto, lakini hata shirika la usalama la Marekani, NSA, limeutoa, kwa sababu baadhi ya virusi hivi vinakaa kwenye kumbukumbu ya muda tu.

Wa_Eastlands

Hapa Kenya tumeyaona mwaka 2025. Wale watengenezaji filamu waliokamatwa mwezi wa tano kuhusiana na makala ya BBC juu ya mauaji ya waandamanaji, polisi wakakaa na simu zao hadi mwezi wa saba. Citizen Lab walipozichunguza wakasema programu ya upelelezi ya FlexiSPY iliwekwa wakati simu ziko mikononi mwa polisi. Na FlexiSPY si Pegasus, hiyo mtu yeyote ananunua mtandaoni.

KalamuYaFundi

Umeleta mfano bora kuliko wangu wote, mkuu. Hapo hakuna tundu la ajabu lililotobolewa; ni mlango uleule wa kushikwa simu. Simu iliyokaa mikononi mwa mtu mwenye sababu ya kukufuatilia, iwe polisi, mwajiri au mchumba, ukirudishiwa usiingize nywila yoyote. Kama kuna kesi, mpe wakili apeleke ikachunguzwe kabla hujaifuta, maana ukiifuta umefuta na ushahidi.

Nkasi Boy

Mimi simu yangu nikiingia kwenye usimamizi wa kifaa nakuta programu imewashwa na haizimiki. Juu imeandikwa kifaa hiki kinasimamiwa. Nimeshaanza kutetemeka hapa.

KalamuYaFundi

Simu uliichukua kwa mkopo?

Nkasi Boy

Ndiyo, nalipa kidogo kidogo kila siku.

KalamuYaFundi

Acha kutetemeka. Hiyo ni kufuli ya aliyekukopesha, ndiyo inayoifunga simu usipolipa. Imewekwa kwa ngazi ya juu makusudi usiitoe. Ina madaraka makubwa juu ya simu yako, na mkataba uliousaini bila kusoma ndiyo uliosema inachukua nini, kausome. Ukimaliza deni dai iondolewe. Usimpe fundi "aiflashi", utapoteza simu na deni libaki.

Wa kuwaogopa zaidi ni programu za mikopo ya fasta. Hizo hazijifichi: zinakuomba namba zote, meseji na picha, wewe unabonyeza kubali kubali kubali kwa sababu una shida ya elfu hamsini. Ukichelewa, mama mkwe anapigiwa. Google ilizikataza programu za mikopo kuchukua namba na picha kuanzia Mei 2023, na Benki Kuu ya Tanzania Novemba 2024 ilitoa orodha ya programu 69 zisizo na leseni. Ukisakinisha kwa linki ya APK (faili la programu kutoka nje ya Play Store) iliyotumwa kwenye grupu, katazo la Google halikulindi tena.

MtuWaPwani

Nauliza la GB WhatsApp. Na lingine, nikiongea habari ya friji, dakika mbili nyingi naona tangazo la friji. Hilo mnaliitaje?

KalamuYaFundi

GB na ndugu zake ni kopi za WhatsApp zisizo rasmi: hakuna anayekuhakikishia nani ameikarabati kopi uliyonayo. Kampuni ya usalama ya Kaspersky ilikuta Triada ndani ya kopi nyingine, FMWhatsApp, mwaka 2021, na mwaka 2023 ikakuta kopi za WhatsApp zilizochokonolewa zenye programu ya upelelezi iliyoiita CanesSpy, zikisambazwa sana kupitia Telegram. Umeiweka mwenyewe, ukaipa ruhusa zote mwenyewe. Mpelelezi atake nini tena.

Friji: watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, walipima programu zaidi ya 17,000 za Android, matokeo yakatoka 2018. Hawakukuta hata moja inayowasha maikrofoni kwa siri na kutuma sauti. Walichokuta ni baadhi zinazorekodi kioo na kupeleka kwa wengine, jambo ambalo watu hawalizungumzii. Tangazo la friji linaweza kuja kwa sababu mkeo ametafuta friji kwenye Wi-Fi hiyohiyo. Wewe ulikuwa unaongea kwa sababu yeye alikuwa anaongea.

Mzee wa Tandale

Mkuu tuache siasa. Unaweza kuniwekea hiyo kitu kwenye simu ya wife? Njoo PM tuyajenge.

KalamuYaFundi

Siweki, na PM sijibu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 inataja kuingia bila idhini na kunasa mawasiliano kuwa makosa, na fundi anaingia pamoja na wewe. Lakini nikupe sababu nyingine. LetMeSpy, programu ya upelelezi ya Poland, ilidukuliwa Juni 2023: meseji, orodha za simu na mahali walipokuwa waliopelelezwa vikatoka nje, kampuni ikafunga Agosti. Barua pepe za wateja waliokuwa wanapeleleza nazo zikatoka. Nyingine, SpyFone, ilipigwa marufuku na tume ya biashara ya Marekani mwaka 2021, na ilikuwa imeshavujisha. Unamlipa mtu asiyejulikana ahifadhi picha za mkeo.

Mama_Junior255

Naandika kwa simu ya dada. Nikinunua simu mpya kabisa, nikahamisha laini, nitakuwa nimemaliza?

KalamuYaFundi

Ukihamisha laini pamoja na Gmail ileile na bakapu ileile, utakuwa umemhamisha na yeye. Anza na Gmail mpya ukiwa kwa dada, nywila asiyoweza kuikisia, namba ya kurejeshea akaunti iwe ya kwako au ya dada. Usirudishe bakapu, namba muhimu ziandike kwenye karatasi. WhatsApp ukiifungua kwenye simu mpya tazama tena vile vifaa vilivyounganishwa. Kisha, kama uko Tanzania, piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na uulize laini unayotumia ni ya jina la nani. Kama imesajiliwa kwa jina lake, anaweza kwenda dukani akairudisha laini kwake mchana kweupe, na kisheria ni yake. Katika hali hiyo sajili mpya kwa NIDA yako (kitambulisho cha taifa) kabla ya kununua simu.

Mama_Junior255

Ni jina lake. Alinisajilia yeye.

KalamuYaFundi

Basi laini kwanza, simu baadaye. Na namba mpya mpe mama kwa mdomo.